Ubavu wa Papa

Kichwa cha makala haya kisimpotoshe mtu. Sizungumzii samaki. Kwetu Katanika, nje kidogo ya mji wa Kalemie, baba mzazi huitwa papa, na ubavu ninaousema ni wa ng'ombe. Mwaka wa kwanza, nilipomweleza mwenzangu wa chumbani hapa Dar es Salaam kwamba papa yangu anapenda sana nyama, alinijibu bila kuinua macho kwenye simu: "Papa wote wanapenda nyama." Zilinipita siku 2 kabla sijaelewa kilichomchekesha.

Hilo lilikuwa kosa dogo la neno, na nililicheka pamoja na wenzangu. Kosa ninalotaka kulieleza hapa ni kubwa zaidi, na ni langu mwenyewe. Nililifanya katika insha, nikapata alama nzuri kwa sababu yake.

Katika muhula wa pili tulipewa zoezi la kuandika juu ya mtu tuliyemwona akijinyima kwa ajili ya wengine. Sikufikiri hata dakika 5. Niliandika juu ya papa yangu na mbavu za ng'ombe.

Sisi ni watu wa samaki. Kalemie imekaa pale ambapo Ziwa Tanganyika linatoa maji yake kuingia mto Lukuga, na mtoto wa huko huanza kutofautisha ndakala na mikebuka kabla hajajua kusoma. Bukari ya unga wa mihogo, sombe yenye mafuta ya mawese, samaki: hicho ndicho chakula cha kila siku, na mwenye nacho hamshukuru Mungu kwa sauti ya chini. Nyama ya ng'ombe ilikuwa habari nyingine. Ilikuja Krismasi, ilikuja Mwaka Mpya, na ilikuja siku ambayo Papa, ambaye ni fundi mwashi, alikuwa amelipwa pesa yote aliyokuwa akidai, jambo ambalo halikutokea mara nyingi.

Siku hiyo Papa alikwenda sokoni mwenyewe. Hakumtuma mtoto, hakumtuma Mama. Alirudi na mbavu zimefungwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, damu imeanza kupenya, naye anatembea polepole kama mtu aliyebeba mayai. Ng'ombe ana mbavu jozi 13, moja zaidi ya binadamu; hilo nalijua kwa sababu Papa alikuwa na desturi ya kutuhesabia mbavu zetu kwa kidole, tukicheka na kujikunja, kisha anasema tumepungukiwa.

Mama alizipika kwa namna moja tu. Aliziweka katika sufuria juu ya mbabula, akatia chumvi na maji ya kufunika, akafunga kifuniko na kuweka jiwe juu yake. Makala yaliongezwa kidogo kidogo. Baada ya saa 2 au zaidi maji yalikauka, na ile sauti ya kuchemka ikageuka kuwa sauti ya kukaanga. Hapo ndipo tulipojua kwamba mafuta ya nyama yametoka na nyama inajikaanga yenyewe. Mama alitia kitunguu, akatia nyanya, hakutia mafuta mengine. Kilichobaki chini ya sufuria, cha kahawia, kilipikiwa sombe ya kesho yake.

Kisha ikaja kugawa. Mnofu, yaani zile sehemu za nyama tupu zilizojitenga na mfupa, ulikuja kwetu watoto 5. Mama alichukua vipande vya katikati. Ule ubavu mrefu kuliko yote, wenye tabaka la mafuta meupe unene wa kidole, uliwekwa kwenye sahani ya Papa. Haikuwahi kuwa vinginevyo.

Na mimi mafuta yalinishinda. Nilikuwa mtoto wa kula polepole, wa kuongea katikati ya tonge. Kipande cha mafuta kilipofika kinywani mwangu kilikuwa kimepoa, kikaganda juu ya kaakaa kama nta ya mshumaa, nikawa siwezi kumeza wala kutema. Mafuta ya samaki hubaki majimaji hata yakipoa. Ya ng'ombe huganda hata kabla hayajafikia joto la mwili. Haya nimekuja kuyasoma baadaye. Utotoni nilichojua ni kwamba kuna sehemu ya nyama nzuri na kuna sehemu mbaya, na kwamba Papa, kila mara, anachukua ile mbaya ili sisi tupate ile nzuri.

Basi hivyo ndivyo nilivyoandika. Niliandika kwamba mtu yule anabeba matofali wiki nzima, na siku ya nyama anatuachia mnofu, yeye anabaki na mfupa na mafuta. Niliandika kwamba alijifanya anayafurahia ili tusione haya. Mwalimu wangu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Picha nzuri ya kujinyima." Nilipiga picha ukurasa ule nikaihifadhi kwenye simu.

Dar es Salaam ilinipa ushahidi zaidi. Hapa, ukienda bucha, steki ina bei yake, na mchanganyiko wenye mifupa na mafuta una bei ya chini. Nilisimama mbele ya kibao cha bei nikasema moyoni: unaona? Hata duka linajua. Chumbani kwetu jambo hili lilikuwa mjadala wa kudumu. Mwenzetu wa Shinyanga, ambako wanafuga, alisema nyama isiyo na mafuta ni karatasi iliyolowa. Mwenzetu wa Pemba alisema mafuta ya ng'ombe yanamletea kichefuchefu, na kwamba mtu aliyelelewa kwa pweza hana haja ya kutafuta utamu mwingine. Mimi nilikuwa upande wa Pemba. Tulipochangishana kununua mbavu za kuchoma, mtu wa Shinyanga alikusanya mafuta tuliyoyabandua sisi, akayala yote yakiwa ya moto, akaramba vidole. Nilimwonea huruma kidogo. Nilidhani ni shida za nyumbani zilizomfundisha.

Kuna tukio jingine nililoliweka katika insha ile, na hilo ndilo lililonifanya niandike upya.

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka 12. Jimbo letu la Tanganyika lilikuwa limezaliwa mwaka 2015 tu, Katanga ilipogawanywa, na halikupata hata muda wa kuota meno. Mapigano kati ya wanamgambo wa Kitwa na wa Kiluba yalikuwa yameenea vijijini, na watu kwa mamia ya maelfu waliacha nyumba na mashamba yao. Wengi walikimbilia Kalemie. Katanika ilijaa vibanda vya nyasi na turubai, vimebanana kiasi kwamba moto wa jirani ulikuwa moto wako. Shuleni tulianza kukaa 4 kwenye dawati la watu 2.

Miongoni mwa waliofika alikuwepo mzee mmoja kutoka vijiji vya njia ya Nyunzu. Papa aliwahi kufanya kazi kwao akiwa kijana, na mzee yule alimpa chumba cha kulala kwa msimu mzima. Sasa alikuja na wajukuu 2 bila wazazi wao. Hatukuuliza wazazi wako wapi. Jumapili moja Papa alimwita aje kula kwetu, na kwa mgeni huyo alinunua mbavu, ingawa haikuwa sikukuu na nilijua, kwa jinsi Mama alivyonyamaza, kwamba pesa ile ilikuwa na kazi nyingine.

Chakula kiligawiwa kama kawaida. Mnofu kwetu na kwa wale wajukuu 2. Ubavu mrefu kwa Papa. Lakini kabla hajaugusa, Papa aliinua sahani yake akaiweka mbele ya mzee, akachukua ya mzee iliyokuwa na vipande vya kawaida. Hakusema kitu.

Niliona aibu iliyonichoma masikio. Mgeni, tena mzee, tena mtu aliyepoteza kila kitu, anapewa mfupa na mafuta, na sisi wenye nyumba tunatafuna mnofu! Nilichukua kipande changu kikubwa nikakiweka kimyakimya kwenye sahani yake. Mzee alikitazama, akanitazama, akatabasamu, akakirudisha. "Kula, mutoto yangu," alisema. "Mimi niko na yangu." Kisha akauma mafuta kwanza, kabla ya nyama, akafumba macho.

Katika insha niliandika kwamba alifumba macho kuficha fedheha.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani. Nilikuwa na pesa kidogo, ya kuandika na kusahihisha kazi za watu, na nilikuwa na mpango. Nilikwenda sokoni mwenyewe. Niliomba mbavu, nikaomba na kipande kizuri cha mnofu wa paja, ambacho sikuwahi kuona kikiingia nyumbani kwetu. Nilimwambia Mama kwamba leo nitagawa mimi. Alishangaa, akaniachia mwiko.

Nilimwekea Papa mnofu wa paja. Mwingi, laini, bila mfupa hata mmoja, bila mafuta hata tone. Ubavu mrefu nikauweka kwenye sahani yangu. Nilikuwa nimeandaa maneno mafupi ya kusema, juu ya zamu na shukrani.

Sikupata nafasi ya kuyasema. Papa alitazama sahani yake. Akatazama yangu. Akageuza kile kipande cha paja kwa kidole, kama fundi anayekagua tofali lililopasuka. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua:

"Nilikukosea nini?"

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nilipomweleza nilichokusudia, na nilipomweleza insha, na alama, na kalamu nyekundu, ilibidi atoke nje. Tulimsikia akimweleza jirani: "Amemunyanganya papa yake nyama, amemupa chakula ya watoto!"

Chakula ya watoto. Hivyo ndivyo unavyoitwa mnofu nyumbani kwetu, na miaka yote ile sikuwahi kulisikia. Mnofu hupewa watoto kwa sababu ni rahisi kutafuna na hauna kazi. Papa alinieleza kwa upole, huku akiwa ameshabadilisha sahani zetu. Ng'ombe wanaoteremka kutoka nyanda za juu za upande wa Moba, alisema, wametembea. Wakifika mwishoni mwa kiangazi, ngozi imekamata mifupa. Ng'ombe aliyefika bado ana mafuta mbavuni ni ng'ombe aliyekula majani mazuri, na mwenye kupata ubavu ule amekula mvua ya mwaka mzima. "Mafuta njo nyama," alisema. "Ile ingine ni ya kujaza tumbo."

Kwa hiyo papa yangu hakuwa anajinyima. Papa yangu, kila sikukuu, mbele ya mkewe na watoto 5, alikuwa anakula kipande kitamu kuliko vyote, kwa haki yake ya baba mwenye nyumba, na hakuona haya yoyote kwa sababu hapakuwa na cha kuonea haya.

Nilicheka nao. Lakini usiku nilikumbuka yule mzee, na kicheko kikaniishia. Maana kama siku zote ubavu ule ulikuwa kipande bora, basi siku ile ya mwaka 2017 Papa hakumpa mgeni mabaki. Nilimwona mara moja tu maishani akijinyima kwa chakula, nikamwonea aibu, tena nikaandika hivyo kwenye karatasi nikaikabidhi kwa mwalimu.

Asubuhi nilimuuliza Papa kama anakumbuka. Alikumbuka.

"Ile siku nililala na hamu yake," alisema.

"Na ulimupa juu ya nini?"

Alinitazama kama ninauliza kwa nini mvua inanyesha chini. "Alikuwa mugeni. Na alikuwa amekonda."

Halafu akaniambia kwamba mzee alikuwa ameona nilichofanya na kipande changu, na walipokuwa njiani kurudi kwenye vibanda alimwambia kwamba mtoto wake ana moyo, ila hajajua nyama. Waliicheka sana habari hiyo wakiwa wanatembea. Nilifurahi kusikia kwamba siku ile walicheka. Mzee alirudi kwao wajukuu walipokuwa wamepata nguvu, na tangu hapo hatujapata habari yake.

Ninasoma Kiswahili. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Ningeweza kukosea juu ya papa yangu kama ningekuwa nasoma uhandisi, na mtu angenisamehe. Lakini mimi nilikuwa na lugha mbele yangu, na lugha ilikuwa inasema kweli muda wote. Mshahara mzuri tunauita mnono. Zawadi kubwa ni zawadi nono. Hakuna anayesema amepata donge jembamba akifurahi. Na tukitaka kumwondolea mtu wasiwasi tunamwambia asikonde. Mimi mwenyewe nimemwandikia Mama "usikonde" kwenye simu mara nyingi, na sikuwahi kusimama kuliangalia neno lile lina nini tumboni. Watu waliotuachia lugha hii walijua kwamba hofu huonekana mbavuni kwanza. Papa alipomtazama mzee yule aliona mtu aliyekonda, kwa maana zote 2 za neno, akampa kilicho kinyume cha kukonda.

Mimi nilisoma sahani ya Papa kwa kibao cha bei cha bucha la Dar es Salaam, na kabla ya hapo niliisoma kwa ulimi wangu mwenyewe, ulimi wa mtoto anayekula baridi. Nilidhani kwa kuwa mimi sipendi mafuta, basi hakuna anayeyapenda, na anayeyala anavumilia. Mwenzangu wa Shinyanga niliyemwonea huruma alikuwa anajilia vyake, na sisi tulikuwa tunamlipia.

Najua kuna watakaoniambia habari za presha na moyo. Ni kweli, na hata Mama ameshaambiwa na muuguzi apunguze mafuta na chumvi, naye anatii, ingawa hutazama sufuria kwa macho ya mjane. Mtu anayekula mbavu kila Ijumaa na asikilize. Lakini mtu anayezipata mara 3 kwa mwaka, na siku nyingine amebeba matofali, hana sababu ya kuonewa huruma na kijana aliyefundishwa na vibao vya bei.

Siku ya kuondoka, Papa alinisindikiza bandarini. Mama alikuwa amenifungia chakula cha safari ya kuvuka ziwa, bukari ndani ya jani la mgomba na bakuli lenye kifuniko. Papa hakusema kilichomo. Nililifungua Kigoma, kwa mama lishe mmoja karibu na stesheni, nikisubiri treni. Ulikuwa ubavu mrefu. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe kama chokaa.

Zamani ningeyabandua. Nilimwomba mama lishe anipashie moto. Alitia kwenye kikaango, mafuta yakaanza kulia na kung'aa, na harufu ikatoka iliyowafanya watu 2 wageuze shingo. Aliniletea ikiwa bado inachemka pembeni. Sikuongea na mtu. Niliuma mafuta kwanza, kabla ya nyama, yakayeyuka yote kabla sijayatafuna, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini mtu angefumba macho.

Sitadanganya tena kwa ajili ya alama: sikumaliza. Nilifika kama nusu, ulimi ukarudi kwenye tabia zake. Lakini sikuyasukuma pembeni nikayaita mabaki. Nilimuuliza mama lishe kama angeyapenda, na aliyachukua kabla sijafika mwisho wa swali.